Vitabu gani vya kuchoma nyama vinamfaa mtu anayetumia jiko la mkaa?

Swali: Pipa la Morogoro

Habari za leo, ndugu zangu. Mdogo wangu anaishi Houston, Texas, na anatarajia kuja likizo mwezi Desemba. Amekubali kunibebea vitabu vya mapishi ya kuchoma, ila visizidi viwili au vitatu kwa sababu ya uzito wa mizigo. Naona ni heri niulize kabla ya kumpa majina, nisije nikaletewa vitabu vyenye picha za kuvutia ambavyo haviwezi kunifundisha kitu.

Hali yangu ni hii. Nachomea kwenye pipa lililopasuliwa kwa urefu, lenye wavu wa chuma na mfuniko uliotengenezwa na fundi wa mtaani kwetu, na ninatumia mkaa wa kawaida. Nyama ninazopika ni ya ng'ombe, ya mbuzi na ya kuku. Nguruwe haingii nyumbani kwetu. Mishkaki na mbavu za mbuzi nazimudu. Ninachotaka sasa ni kuelewa sababu za mambo: kwa nini paja la mbuzi litoke laini wiki hii na gumu wiki ijayo ingawa nimelichoma vilevile, kwa nini kuku aungue ngozi ilhali karibu na mfupa bado ni mwekundu, na Wamarekani hufanyaje hata kidari cha ng'ombe, ambacho kwetu ni nyama ya supu, kikawa laini kwa moshi. Orodha za mtandaoni nimezipitia, na kila kitabu kinasifiwa kuwa ndicho bora kuliko vyote. Kiingereza nakisoma bila shida. Naombeni ushauri wa watu waliovitumia kweli.

Jibu: Msafiri wa Dallas

Ndugu yangu wa Morogoro, salaam. Niko Dallas, na kuchoma ndiyo kazi ya Jumamosi zangu, kwa hiyo niwie radhi nikieleza kwa kirefu.

Kabla ya majina ya vitabu, tutenganishe kazi mbili ambazo mara nyingi huwekwa chini ya jalada moja. Ipo kazi ya kuchoma juu ya makaa yenyewe, kwa moto mkali na muda mfupi, kama tunavyochoma mishkaki. Ipo pia kazi ya kuivisha taratibu kwa moshi, mfuniko ukiwa umefungwa na moto ukiwa pembeni, katika nyuzi joto 107 hadi 135 za Selsiasi, kwa saa nyingi. Kidari unachokiulizia ni cha kazi hii ya pili. Kidari na bega vina tishu nyingi zinazoshikanisha misuli, na sehemu kubwa ya tishu hizo ni kolajeni, ambayo huanza kugeuka jelatini nyama ikifika nyuzi 70 hivi, lakini hugeuka polepole mno. Ndiyo maana watu wa Texas hukiacha kidari motoni saa 10 au zaidi, mpaka ndani yake kifikie karibu nyuzi 95. Sarara haina tishu nyingi za namna hiyo, na ukiifikisha huko itakauka kabisa. Kitabu kisichokueleza tofauti hii mapema, hata kiwe na mapishi mia tano, kitakuacha ulipo.

Kwa kazi ya moshi, kitabu kinachosifiwa kwa haki ni *Franklin Barbecue* cha Aaron Franklin, alichoandika pamoja na Jordan Mackay, kilichotoka mwaka 2015. Franklin anauza nyama mjini Austin tangu 2009, na watu hupanga foleni kwa saa kadhaa kumsubiri. Jambo la kushangaza ni kwamba mapishi ndani ya kitabu hicho ni machache, nayo yamewekwa kuelekea mwisho. Kurasa nyingi zinahusu muundo wa tanuri, ukavu wa kuni, njia ya hewa, rangi ya moshi na namna ya kuchagua nyama. Viungo vyake vya kidari ni chumvi na pilipili manga. Mimi nakiheshimu sana kwa sababu hiyo hiyo: mwandishi ameamua kufundisha moto. Hata hivyo, tanuri lake lina chumba cha moto kilichojengwa kando ya chumba cha nyama, na anatumia kuni za mwaloni, si mkaa, hivyo itakubidi uyachukue mafundisho yake na kuyahamishia kwenye pipa lako mwenyewe.

Ndiyo maana ningekitanguliza *Meathead*, cha mwandishi anayeitwa Meathead Goldwyn, kilichotolewa 2016 kwa msaada wa mwanafizikia Greg Blonder. Kinajibu maswali ya aina ya yale uliyouliza, moja baada ya jingine, kwa majaribio. Mfano ni huu: nyama kubwa ikiwa kwenye moshi, joto lake hupanda vizuri, halafu likifika kati ya nyuzi 65 na 75 husimama kwa saa kadhaa bila kusogea, na mpishi asiyejua huanza kuongeza mkaa kwa wasiwasi. Wengi walidhani ni mafuta au kolajeni inayoyeyuka. Blonder alionyesha kwamba ni maji yanayokauka juu ya nyama, yakiipoza kama jasho linavyoupoza mwili, na kwamba ukiifunga nyama kwa karatasi wakati huo safari inakuwa fupi. Vilevile kinaikataa ile imani kwamba kubabua nyama kwa moto mkali hufungia maji ndani, imani iliyoenezwa na mkemia wa Kijerumani Justus von Liebig katika karne ya 19. Kubabua kunaleta rangi na ladha, na kwa hiyo ni jambo jema, lakini maji hutoka vilevile. Ukikuta kitabu cha miaka ya karibuni bado kinarudia imani hiyo, kirudishe rafuni, kwa maana mwandishi wake hakujisumbua kupima.

Kuhusu nguruwe, kuwa mwangalifu na vitabu vya majimbo ya Carolina. Kitabu cha Rodney Scott cha mwaka 2021, kwa mfano, ni kazi nzuri ya bingwa wa kweli, lakini kiini chake ni nguruwe mzima juu ya makaa. Vitabu vya Texas vinaegemea ng'ombe zaidi.

Jibu: Mama Choma, Nakuru

Kaka wa Dallas amesema vizuri, nami sina neno kuhusu sayansi aliyoieleza. Lakini nina biashara ya nyama choma hapa Nakuru, na vitabu hivi nimevitumia nikiwa na nyama yetu, si ya Dallas, kwa hiyo naona kuna mambo ambayo yeye hayaoni kutoka aliko.

La kwanza ni umri wa nyama na siku iliyochinjwa. Kule, ng'ombe akishachinjwa nyama hukaa kwenye baridi siku kadhaa, pengine wiki, kabla ya kufika dukani. Kwetu mbuzi huchinjwa alfajiri na saa sita mchana yuko juu ya wavu. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa, na nyama ikipata moto katika hali hiyo hubaki ngumu hata ukiisimamia vipi. Ikipumzika mahali pa baridi hadi kesho yake au zaidi, hulegea yenyewe. Hapo ndipo lilipo jibu la paja lako, ndugu wa Morogoro, pamoja na umri wa mnyama, kwa kuwa mbuzi mzee ana kolajeni ngumu kuliko mbuzi mchanga. Vitabu vingi vya Kimarekani haviligusi jambo hili kwa sababu msomaji wao hakutani nalo kabisa. Anayelieleza kwa ukamilifu ni Harold McGee katika *On Food and Cooking*, kitabu cha mwaka 1984 kilichoandikwa upya 2004. Hicho si cha kuchoma hasa, na ni kizito cha kusoma, lakini sura yake ya nyama ina thamani kuliko vitabu vingi vyenye picha ya moto kwenye jalada.

La pili ni unono. Kidari cha ng'ombe wa Kimarekani aliyelishwa nafaka kina uzito wa kilo tano hadi saba na tabaka nene la mafuta. Kidari cha zebu wetu aliyetembea malishoni ni kidogo na chembamba, na ukikifuata kitabu cha Franklin saa kwa saa utapata nyama kavu. Ushauri wangu ni kufuata joto la ndani na ulaini unaousikia unapoidunga nyama kwa kijiti, na kuusahau muda ulioandikwa. Kwa upande mwingine, zebu ana nundu, ambayo Marekani ni adimu. Brazili, ambako zebu ni wengi, nundu huitwa cupim na ni moja ya nyama zinazotafutwa sana kwenye uchomaji wao, huivishwa taratibu mpaka mafuta yaliyo katikati ya nyuzi zake yalegee. Hapa kwetu watu wengi wa bucha huikatakata pamoja na nyama nyingine bila kuijali, jambo linaloniuma. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kitabu cha tatu, usiishie Marekani. Mimi napenda *Seven Fires* cha Francis Mallmann wa Argentina, cha mwaka 2009, ambacho kinaeleza aina saba za moto, zikiwemo wavu, bamba la chuma, msalaba wa chuma wa kuchomea mwana-kondoo mzima kando ya moto, hata kufukia chakula kwenye majivu na makaa. Mtu aliyekua akifukia viazi vitamu kwenye majivu atajiona nyumbani katika kurasa hizo.

La tatu ni wafanyakazi. Vijana wangu jikoni hawana muda wa kusoma aya ndefu za Kiingereza. Kitabu kilichowafaa ni *How to Grill* cha Steven Raichlen, cha mwaka 2001, kwa kuwa kila hatua ina picha, na picha hizo ni zaidi ya elfu moja: jinsi ya kupanga makaa upande mmoja na kuacha upande mwingine wazi, jinsi ya kumpasua kuku mgongoni na kumlaza bapa ili aive sawasawa, jinsi ya kupima ukali wa moto kwa kiganja. Mwandishi huyohuyo ana kitabu kikubwa zaidi cha 1998, *The Barbecue! Bible*, chenye mapishi zaidi ya mia tano kutoka nchi nyingi. Hicho kinafaa baadaye, mtu akishaujua moto na akawa anatafuta ladha mpya.

Nimalizie na kuni, maana vitabu hivi vitakutajia hickory na mesquite mpaka ukate tamaa. Mathenge, ule mti unaowasumbua wafugaji wa Baringo na Turkana, ni wa jamii moja na mesquite ya Texas, na mkaa wake unawaka kwa joto kali na la muda mrefu. Morogoro mnaweza kutumia matawi makavu ya mpera au mwembe kwa moshi. Mkaratusi uuepuke, kwa kuwa mafuta yake hutia nyama harufu ya dawa.

Jibu: Mwana wa Unguja, Maskati

Assalaam aleykum. Naandika kutoka Maskati, na nasikitika kuona kwamba mazungumzo yamekwenda Texas na Argentina bila kupita pwani yetu wenyewe.

Mishkaki ya Forodhani na mishkaki inayochomwa jioni kando ya barabara hapa Oman ni ndugu. Hapa pia kuna shuwa, nyama ya mbuzi au kondoo inayopakwa viungo kwa wingi, ikafungwa kwa majani na kufukiwa kwenye shimo la makaa kwa siku moja au mbili wakati wa Idi, na mtaa mzima hushirikiana shimo moja. Mtu anayetaka kuelewa moto wa taratibu ana somo kubwa hapo. Kitabu ninachokijua kinacholieleza hili kwa Kiingereza ni *The Food of Oman* cha Felicia Campbell, cha mwaka 2015, ambacho pia kinatambua wazi vyakula vilivyotoka Zanzibar. Si kitabu cha kuchoma peke yake. Nakitaja kwa sababu ndani yake utakuta viungo ambavyo tayari unavyo kabatini, badala ya michuzi ya nyanya na sukari ambayo vitabu vya Marekani huimwagia kila nyama.

Neno moja kuhusu kulowesha nyama. Vitabu vyote vizuri vitakuambia kwamba viungo vya kulowekea haviingii ndani zaidi ya milimita chache, isipokuwa chumvi, ambayo hupenya kadiri inavyopewa muda. Ukilikubali hilo, utaielewa mishkaki: nyama hukatwa vipande vidogo ili eneo la juu, lenye tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, liwe kubwa kulinganisha na ndani. Papai bichi lina kimeng'enya kinachovunja nyuzi za nyama, nacho kinafanya kazi juu tu; likikaa muda mrefu, nje huwa kama uji na ndani hubaki vilevile. Kitabu kinachokuagiza uloweke paja zima la mbuzi kwa saa mbili na kukuahidi ladha mpaka mfupani hakistahili kubebwa kwenye ndege.

Pipa la Morogoro

Nawashukuru sana, kwa kweli sikutarajia kufunzwa kiasi hiki. Dada wa Nakuru, suala la nyama iliyochinjwa alfajiri limenigusa, kwa sababu wiki ambazo paja lilitoka laini ni zile ambazo nyama ilinunuliwa jana yake. Nimeshaamua kuagiza *Meathead* na *How to Grill*, na nafasi ikibaki, *Seven Fires*. Kile cha Maskati nitakitafuta kwa njia nyingine.

Nina wasiwasi mmoja uliobaki. Vitabu hivi vinatumia ratili, wakia, vikombe na Farenhaiti. Je, kuna hatari ya kuharibu chakula katika kugeuza vipimo, na je, kipimajoto ni cha lazima au ni anasa ya Wamarekani?

Jibu: Msafiri wa Dallas

Nakubali hoja za dada wa Nakuru zote, hasa ya unono. Nilikuwa nimeisahau nyama ya nyumbani.

Vipimo vingi havina hatari. Ratili moja ni gramu 454, kikombe cha Marekani ni karibu mililita 240, kijiko cha mezani ni mililita 15. Farenhaiti unaitoa 32, unazidisha kwa 5, unagawa kwa 9. Kwa hiyo 225 ni 107, na 275 ni 135. Andika namba hizo kwa penseli ndani ya jalada mara moja na hutazihitaji tena kuzikokotoa.

Chumvi ndiyo yenye hatari. Wapishi wa Kimarekani hutumia chumvi ya chembe kubwa wanayoiita kosher, na kampuni mbili zinazoiuza zaidi hazifanani hata kidogo: kijiko kimoja cha mezani cha Diamond Crystal kina gramu 9 au 10 hivi, ilhali cha Morton kina takriban gramu 15. Chumvi yetu laini ya pakiti ina karibu gramu 18 kwa kijiko hichohicho. Ukifuata kijiko kilichoandikwa kwa ajili ya Diamond Crystal huku unatumia chumvi laini, utakuwa umetia karibu mara mbili. Tazama mwanzoni mwa kitabu kama mwandishi ametaja chumvi gani anatumia. Asipotaja, pima kwa mizani. Gramu 8 hadi 10 kwa kila kilo moja ya nyama isiyo na mfupa ni mahali pazuri pa kuanzia, na uipake usiku ili kesho yake iwe imeingia.

Kipimajoto si anasa, na kama ningelazimika kuchagua kati ya kitabu cha tatu na kipimajoto cha kudunga ndani ya nyama, ningechukua kipimajoto. Mwongozo wa idara ya kilimo ya Marekani unataka kuku afike nyuzi 74 za Selsiasi, nyama ya kusaga 71, na vipande vizima vya ng'ombe, mbuzi au kondoo 63 kisha vipumzike dakika tatu. Swali lako la kuku linajibiwa hapo hapo. Rangi nyekundu karibu na mfupa haithibitishi kwamba hajaiva, kwa kuwa kuku wachanga wa kisasa hutoa rangi kutoka kwenye uboho hata wakiwa wameiva kabisa. Na ngozi inayoungua ni dalili kwamba ulimweka juu ya makaa tangu mwanzo. Mweke upande usio na makaa, funika, mwache mpaka paja lisome nyuzi 70 hivi, ndipo umhamishie juu ya moto dakika chache za mwisho ngozi ikaukie huko, na usimtoe kabla paja halijasoma 74.

Jibu: Mama Choma, Nakuru

Naongeza jambo dogo kwa ndugu wa Morogoro. Mwambie mdogo wako aviulizie vitabu hivi kwenye maduka ya vitabu vilivyotumika. *How to Grill* kimekuwa sokoni zaidi ya miaka ishirini, na nakala zake za mkono wa pili huwa za bei nafuu. Akague tu kwamba kurasa za mwanzo zinazohusu moto bado zipo, kwa sababu jikoni ndizo zinazopata mafuta na kuchanika kwanza.